Mwanangu anataka kuwa pro wa softiboli, na anayelipa ni mimi. Kuna maisha huko kweli?

"Kocha habari za kazi. Sisi ni Wakongo, tulikaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma mpaka 2016 tukaletwa huku Fort Worth, Texas. Binti yangu ana miaka 15, yuko darasa la kumi, anacheza softiboli ya shule na pia timu moja ya kusafiri, yeye ndo pitcha wao, yaani mrushaji mpira, wakimpima na mashine anarusha maili 59 kwa saa. Tangu amwone yule NiJaree Canady, pitcha wa chuo cha Texas Tech, kwenye TV akili yake haiko tena hapa, anasema atalipwa milioni chuoni alafu aende ligi ya kulipwa atujengee nyumba. Timu ya kusafiri inatula kama dola 4,000 kwa mwaka bila mafuta na hoteli, na sasa kuna kampuni inataka 3,000 nyingine eti wamtangaze kwa makocha wa vyuo, manake mpaka leo hakuna hata kocha mmoja wa chuo aliyetupigia. Juzi kaanza kusema bega linamuuma kwa mbele ila kocha wa timu anasema mrusho wa chini hauumizi mkono, aendelee tu. Baba yake anasema ni kupoteza muda, asome unesi. Mimi niko katikati. Nimuache aendelee?"

Mama, salamu nyingi kwako na kwa mzee hapo nyumbani. Umeuliza swali moja ila ndani yake yako manne, la hela, la makocha kutopiga simu, la baba, na la bega. Naomba nianze na bega, hayo mengine yanaweza kusubiri mpaka mwezi ujao na bega haliwezi.

Hiyo kauli kwamba mrusho wa chini hauumizi mkono nimeisikia kwa makocha wengi na si kweli. Ilitokana na kulinganisha na besiboli, ambako pitcha anarusha kwa juu na viwiko vinaharibika mpaka vijana wadogo wanafanyiwa upasuaji, watu wakaona wasichana wa softiboli wanarusha mechi mbili kwa siku na kesho yake tena, wakasema basi mkono huu haujui kuchoka. Angalia mwanao anavyorusha: mkono unazunguka duara zima kutoka chini kwenda juu mpaka nyuma ukirudi chini, na pale unaposhuka ndo bega linavutwa kwa nguvu kubwa kabisa. Msuli wa mbele wa mkono, ule anaouonyesha mtoto akitaka kusema ana nguvu, kano yake inapanda mpaka ndani ya bega, na ndo inayofanya kazi ya kuzuia mkono usichomoke na kuukata mwendo kabla mpira haujaachiwa. Ukivuta kamba ya ndoo ya kisima mara mia kwa siku haikatiki siku hiyo, ila kuna sehemu moja inayosugua na hapo ndo itaachia. Kwa mapitcha wa softiboli sehemu hiyo mara nyingi ni mbele ya bega, palepale anapokuonyesha.

Alafu kuna hili. Besiboli ya shule za sekondari Marekani tangu 2017 kila jimbo linalazimika kuwa na kanuni ya idadi ya mipira pitcha anayoruhusiwa kurusha kabla ya kupumzika, softiboli haikuwekewa sharti hilo. Kwa hiyo hakuna mtu anayemhesabia mwanao isipokuwa wewe. Nunua daftari, andika alirusha mipira mingapi Jumamosi, mingapi Jumapili, na mingapi kwenye mazoezi ya binafsi, manake hayo nayo ni mkono uleule. Hata Canady mwenyewe, kwenye mashindano ya mwisho ya vyuo ya 2025 pale Oklahoma City alirusha kila mpira wa Texas Tech mechi baada ya mechi mpaka ile ya mwisho dhidi ya Chuo Kikuu cha Texas, Juni 6, wakamtoa baada ya iningi ya kwanza tu, yaani kipindi cha kwanza cha mechi, Texas wameshapata pointi tano, mechi ikaisha 10 kwa 4. Wengi walisema kazidiwa na presha. Mimi niliona pitcha aliyechoka, na huyo ni mtu mzima mwenye madaktari na wataalamu wa viungo wanaomzunguka kila siku, sembuse mtoto wa miaka 15.

Kwahiyo asirushe mpaka aonwe na daktari wa michezo. Simaanishi dharura ya hospitali, na simaanishi kocha kumbonyeza bega pembeni ya uwanja, daktari wa mifupa na michezo anayeona vijana, Fort Worth na Dallas wako, ukiwa na Medicaid ya mtoto, ile bima ya afya ya serikali, waulize kwanza kama wanaipokea. Na kama maumivu yanamwamsha usiku, au vidole vinakufa ganzi, au hawezi kuinua mkono kuchana nywele, usisubiri foleni ya wiki tatu, piga simu waambie hivyohivyo wamtangulize. Na msimpe dawa ya maumivu ili acheze Jumamosi, hilo nakuomba kama ndugu.

Sasa hilo la makocha kutopiga simu. Mama, hawajapiga kwa sababu hawaruhusiwi. Kanuni ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kwa softiboli inasema kocha wa chuo cha daraja la kwanza hawezi kuanza kuongea na mchezaji kuhusu kumsajili mpaka Septemba 1 ya mwaka wake wa darasa la kumi na moja. Mwanao yuko la kumi. Kama kocha alimwona na akampenda, jina liko kwenye daftari lake na anahesabu siku. Hiyo kampuni ya dola 3,000 inajua kanuni hii vizuri kuliko wewe, ndo maana inakuuzia hofu sasa hivi kabla Septemba haijafika. Usiwape. Video ya dakika tatu aliyochukua mdogo wake kwa simu, kamera ikae nyuma ya mshikaji mipira ionekane mpira unavyokata kona, kisha nyingine kutoka pembeni, na barua pepe ambayo mtoto ameandika mwenyewe kwa kocha wa chuo, inafanya kazi ileile na ni bure. Kocha anataka kusikia sauti ya mtoto, sio ya kampuni.

Hiyo 59 yake kwa umri wake ni nzuri, sio muujiza. Wale wakubwa chuoni wanarusha katikati na juu ya sitini, na Canady anapita sabini. Umbali kutoka kwa pitcha mpaka kwa mpigaji ni futi 43, kama mita 13 tu, kwahiyo mpira wa maili 70 unamfikia mpigaji ndani ya chini ya nusu sekunde. Ila kasi peke yake wapigaji wazuri wanaizoea baada ya kuiona mara mbili, kinachowaua ni mpira unaozunguka vizuri ukaonekana unapanda, mwingine ukazama dakika ya mwisho, na ule wa taratibu unaotoka na mkono uleule kana kwamba ni wa kasi. Akiwa anapumzisha bega asome hilo, aangalie mechi aandike pitcha alirusha nini na kwanini, hakuhitaji mkono.

Haya, njia yenyewe ya kutoka chuoni mpaka kulipwa. Hapa naona mtoto na baba wote wawili wana picha nusunusu.

Mchukue Jocelyn Alo. Mtoto wa Hauula, kijiji cha pwani kwenye kisiwa cha Oahu kule Hawaii, akaenda Chuo Kikuu cha Oklahoma 2018 na mwaka wa kwanza tu akapiga homurani 30, yaani mipira 30 iliyovuka uzio. Mwaka uliofuata zikashuka 16, manake mapitcha walishamjua. Wa 2020 korona ikakata msimu akaishia 8. Alafu 34, alafu 34 tena, jumla 122, rekodi ya vyuo vyote Marekani, rekodi ya zamani ilikuwa 95 ya Lauren Chamberlain ambaye naye alikuwa wa Oklahoma hukohuko. Nitakwambia kitu kidogo kuhusu ile ya 96. Alishafikia 95 mwezi Februari 2022, ikabaki moja, na mapitcha wakaanza kumkwepa, wanamtupia mipira ya mbali kwa makusudi aende bezi ya kwanza kwa miguu kuliko wao kuingia kwenye historia kama waliopigwa. Wiki zikapita. Mpaka Machi 11 timu ikiwa Honolulu kucheza na chuo cha Hawaii, nyumbani kwao, ndugu zake wamejaa pale, ndo akaipiga. Wiki zote hizo za kutopewa mpira wa kupiga na yeye asikasirike akaanza kupiga hovyo, mimi kama mwalimu hiyo ndo naiona kubwa kuliko ile homurani.

Akamaliza chuo na ubingwa wa pili mfululizo. Kwenye drafti ya kwanza, yaani timu zinachagua wachezaji wapya kwa zamu, ya ligi mpya ya kulipwa ya WPF akachukuliwa namba moja na timu ya Smash It Sports Vipers. Ungetegemea hapo maisha yamefunguka si ndiyo? Msimu ule wa 2022 ligi ilikuwa na timu mbili, mbili tu mama, zinacheza mechi za maonyesho. Mpiga homurani mkubwa kuliko wote waliowahi kupita vyuoni alitoka kwenye viwanja vilivyojaa watu na mechi kuonyeshwa na ESPN akaingia kwenye ligi ambayo jirani yake hajui kama ipo. Baadaye akaenda Oklahoma City Spark, mji uleule uliokuwa unampenda chuoni, na hiyo haikuwa bahati mbaya, mashabiki wa softiboli wanafuata jina wanalolijua.

Kwanini iko hivyo? Sababu chuo kina vitu vyote ambavyo ligi ya kulipwa haina, kina uwanja tayari, kina bendi, kina watu waliosoma pale tangu miaka ya sabini wanaovaa rangi zile mpaka wafe, kina mkataba wa TV, na mchezaji anakaa miaka minne watu wanamwona anakua. Ligi ya kulipwa ilikuwa inaanza kila mwaka kutoka sifuri. NPF, ligi ya kulipwa iliyotangulia, ilidumu toka 2004 mpaka 2021 ikafa. Monica Abbott, pitcha aliyeacha Tennessee na rekodi ya kutoa wapigaji 2,440, mwaka 2016 akatangazwa kasaini mkataba wa dola milioni 1 na timu ya Houston, dunia nzima ikashangilia, ila mkataba ulikuwa wa miaka sita na mshahara wa msingi dola 20,000 kwa mwaka, zilizobaki ni bonasi za idadi ya watazamaji. Dari ya mishahara ya timu nzima kwenye ligi wakati huo ilikuwa kama dola 150,000, sasa gawanya kwa wachezaji wote uone. Ndo maana Abbott miaka mingi alikuwa anaenda Japani kuchezea Toyota, kule timu ni za makampuni, Toyota, Honda, Denso, Hitachi, na mshahara unatoka kwa kampuni hata kama uwanjani wamekuja watu mia tatu.

Sasa hivi kuna tofauti na sitaki nimkatishe tamaa mtoto. Juni 7, 2025, siku moja tu baada ya ile mechi Canady aliyotolewa, ilianza ligi ya AUSL, kamishna wake ni Kim Ng, mwanamke wa kwanza kuwa meneja mkuu wa timu ya ligi kuu ya besiboli, na ligi kuu ya besiboli yenyewe imeweka hela humo. Hilo halijawahi kutokea kabla. Timu zilikuwa nne, kila moja mechi 24, msimu wa kwanza hazikuwa na miji, zinazunguka tu, Talons wakachukua ubingwa, na msimu wa 2026 zimekuwa sita na kila moja ina mji wake, Spark wakiwemo. Mshahara uliotangazwa kwa mwaka wa kwanza ni wastani wa kama dola 45,000 na bonasi juu. Kwa kazi ya kiangazi ni hela. Ya kujenga nyumba hapana.

Angalia na uharaka wake. Sam Landry, pitcha wa Oklahoma, aliitwa namba moja kwenye drafti ya wanavyuo ya AUSL mwezi Mei 2025, bado yuko chuoni. Juni 2 Oklahoma wakatolewa na Texas Tech 3 kwa 2, na siku chache baadaye huyo huyo amevaa jezi ya Volts, timu ya AUSL, anawarushia wanawake wa miaka thelathini na zaidi ambao wameshaona kila aina ya mpira duniani. Hakuna kupumzika, hakuna kuzoea. Chuoni kwenye kila timu pinzani kuna wapigaji watatu wanne wa kuogopwa, huku ni wote tisa. Na nafasi zenyewe hebu hesabu, vyuo vya daraja la kwanza vyenye softiboli ni karibu 300, na timu za kulipwa sita zenye wachezaji kumi na kitu kila moja, wengi wao hawatoki mwaka huo. Wanaoingia kila mwaka ni wachache sana.

Alafu hiyo milioni ya Canady, mwanao amesikia namba akaacha maelezo. Ilikuwa dola 1,050,024. Milioni moja, elfu hamsini za kuishi, na 24 za namba ya jezi yake. Alilipwa na kikundi cha wafadhili wa Texas Tech alipohama kutoka Stanford 2024, akiwa tayari ndo mchezaji bora wa mwaka wa vyuo vyote nchini. Ni hela za jina na sura, wenyewe wanaita NIL, zimeruhusiwa tangu Julai 2021. Na ziko juu mno ukilinganisha na wengine wote, mchezaji wa kawaida wa softiboli anapata viatu, mia mbili tatu za kutangaza mgahawa, basi. Tangu 2025 vyuo vikubwa vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, ila sehemu kubwa ya mfuko huo inaenda kwa wavulana wa futiboli ya Kimarekani na kikapu. Unaona ajabu yake? Mama, kwenye softiboli mtu anaweza kulipwa chuoni kuliko atakavyolipwa akiwa pro. Yaani chuo ndo kilele kwa wengi, na huko juu pa pro ni nyongeza kwa aliyejaliwa.

Kwahiyo jibu langu kwako ni ndiyo aendelee, bega likipona, ila anachokitafuta kibadilike. Atafute chuo kitakachomlipia masomo, pro ikija ije. Na hapo ada ya timu ya kusafiri inaanza kuwa na hesabu, japo nayo usidanganyike kwamba skolashipu za softiboli ni kamili. Kwa miaka mingi timu ya daraja la kwanza ilikuwa na skolashipu 12 zinagawanywa kwa wasichana ishirini na ushee, huyu nusu, huyu robo. Sasa kwa vyuo vilivyoingia mfumo mpya kikomo hicho kimeondolewa na kimewekwa kikomo cha wachezaji 25, ila chuo kuruhusiwa kulipa wote sio lazima kiwe na hela za kulipa wote. Muulize kocha swali hilo hilo kavu: asilimia ngapi, miaka mingapi, na akiumia inakuwaje. Usione aibu. Na vyuo vya miaka miwili msividharau, viko vingi Texas na vina softiboli nzuri, anaweza kuanzia huko akahamia kikubwa.

Kitu ambacho kingenitisha mimi kuliko hela ni transkripti, ile karatasi ya masomo na alama zake. Kwa daraja la kwanza NCAA inataka masomo 16 ya msingi na wastani usiopungua 2.3 kwenye hayo masomo, na 10 yawe yameisha kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari. Watoto wetu waliokuja wakubwa kidogo walipitia madarasa ya ESL, ya Kiingereza kwa wageni, na mengi ya hayo hayahesabiwi kama Kiingereza cha msingi. Nimeona mtoto mwenye mkono wa dhahabu anafika mwaka wa mwisho ndo anaambiwa ana upungufu wa masomo mawili. Nenda shuleni wiki hii ukaonane na mshauri wa masomo ana kwa ana, mwambie unataka kuona orodha ya masomo ya msingi yaliyoidhinishwa na NCAA kwa shule hiyo, mkae na transkripti muweke alama moja moja. Ukitaka mkalimani una haki ya kumwomba.

Kuhusu baba, mzee ana hoja na naomba usimsomee barua hii kama ya kumshinda. Unesi na softiboli vinagombana kweli, msimu wa mechi ni masika na masika ndo wanafunzi wa unesi wako wodini, makocha wengine hawakubali kabisa na wengine wanapanga vizuri. Lipo la kuuliza pia siku ikifika: mna mchezaji yeyote anayesoma unesi sasa hivi, naweza kuongea naye? Kama hakuna hata mmoja, umeshajibiwa.

La makaratasi ni fupi. Mliokuja kama wakimbizi mkawa na green card au uraia, mtoto anaweza kupokea hizo hela za jina na sura kama Mmarekani mwingine. Nasema hivi kwa sababu kuna wazazi wengine watasoma hapa ambao watoto wao wametoka Nairobi au Dar kwa viza ya mwanafunzi, hao mambo yao ni tofauti kabisa, viza ile inabana kufanya kazi na kusaini ovyo kunaweza kumharibia mtoto ukaazi wake, waende kwa mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kusaini chochote, sio kwa mjomba anayejua.

Na hizo dola 3,000 za kampuni, kama kweli zipo, chukueni kidogo tu mwishoni mwa Mei muende Oklahoma City, ni kama masaa matatu kwa gari kutoka kwenu, Devon Park ndo wanachezea fainali za vyuo kila mwaka na hapohapo ndo itachezwa softiboli ya Olimpiki ya 2028. Mwende na baba. Akae karibu na pale mapitcha wanapopasha mkono, asikie ule mlio wa mpira ukiingia kwenye glovu.

Ukishapata majibu ya daktari na ya mshauri wa shule niandikie tena, uniwekee na ratiba yake ya kiangazi, nitakwambia kambi zipi za vyuo zinafaa kwenda na zipi ni za kukusanya ada tu.